Tetesi za Giannis: abaki Milwaukee au aondoke? Na akiondoka, tumweke wapi kando ya Kareem, Hakeem na Dirk?

BintiKatubuka

Wakuu, habari za asubuhi kutoka Kigoma.

Dirisha la kubadilishana wachezaji NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, linafungwa 5 Februari 2026, saa 5 usiku kwa saa zetu, na tangu mwaka huu uanze ukifungua simu ni Giannis Antetokounmpo wa Milwaukee tu. Mara New York, mara Miami, mara Golden State. Tetesi hazina mwenyewe, kwa hiyo sitaki tubishane nani kampigia nani simu. Kilichonileta ni maneno ninayoyasikia kila tukikaa pembeni ya uwanja: kwamba Giannis akiondoka ukubwa wake umeshuka, kwamba mkubwa wa kweli hufia alipo.

Mimi sikubali, na nataka tulinganishe kwa watu waliopita.

Kwanza tukumbuke amefanya nini pale. Kazaliwa Athens kwa wazazi wa Kinaijeria, kachukuliwa wa 15 kwenye drafti ya 2013, yaani zoezi la klabu kuchagua vijana wapya. MVP, yaani mchezaji bora wa msimu, 2019 na 2020. Mwaka 2021 kawapa ubingwa, na mechi ya sita dhidi ya Phoenix kamaliza na pointi 50. Kilichonifanya nilie siku ile si hizo 50, ni mitupo huru. Kwenye mtoano mashabiki wa ugenini walikuwa wanamhesabia sekunde kwa sauti anaposimama kwenye mstari, na kweli alikuwa anakosa. Usiku wa fainali kaingiza 17 kati ya 19. Baada ya hapo? 2023 katolewa raundi ya kwanza na Miami, 2024 raundi ya kwanza na Indiana, 2025 raundi ya kwanza na Indiana hao hao.

Naona njia tatu mbele yake, na kila moja ina mtu aliyeipita.

Dirk Nowitzki alibaki. Misimu 21 Dallas. 2006 waliongoza fainali 2–0 mbele ya Miami wakafungwa 4–2. 2007 wakashinda mechi 67 halafu wakatolewa na Golden State walioingia nafasi ya nane. Akavumilia mpaka 2011, akaifunga Miami ya LeBron, Wade na Bosh.

Kareem Abdul-Jabbar aliomba kuondoka, tena Milwaukee hiyo hiyo, mwaka 1975. Alikuwa ameshawapa ubingwa wa 1971 na ana MVP tatu. Milwaukee wakapokea wachezaji wanne, Elmore Smith, Brian Winters, Dave Meyers na Junior Bridgeman. Yeye kule Los Angeles akaongeza MVP tatu nyingine na ubingwa mara tano. Milwaukee wakakaa bila taji mpaka 2021.

Luka Dončić hakuulizwa. 2024 kawafikisha Dallas fainali, Februari 2025 akiwa na miaka 25 kaambiwa wewe sasa ni wa Lakers.

Chaguo langu ni njia ya Kareem, na aipite mapema. Leo nani anamshusha Kareem kwa sababu alihama? Karibuni.

SimbaDamu

Dada mimi ni mtu wa soka, kikapu naangalia kwa kufuata wadogo zangu. Nieleweshwe kwanza. Huku kwetu mchezaji wa Simba akitakiwa na Yanga, klabu zinaelewana bei, halafu mchezaji naye anakubaliana maslahi yake. Asipotaka hasaini. Huyo Luka kawezaje kuhamishwa bila kusaini chochote? Na hela ya usajili kachukua nani?

Kocha_Mwanga

SimbaDamu swali zuri, maana bila kulijua hilo mjadala wote utaenda kombo.

NBA hakuna ada ya usajili kama ya soka. Unatoa mchezaji unapokea mchezaji, au unapokea haki ya kuchagua kijana kwenye drafti ya miaka ijayo. Mkataba wa mchezaji unahama kama ulivyo, mshahara ule ule, miaka ile ile. Haombwi ridhaa isipokuwa kama mkataba wake una kipengele cha kumruhusu kukataa, na wenye kipengele hicho ni wachache sana. LeBron anacho. Luka hakuwa nacho. Dallas walipokea Anthony Davis, Max Christie na haki moja ya raundi ya kwanza ya 2029. Meneja aliyefanya biashara ile, Nico Harrison, alifukuzwa Novemba 2025.

Sasa angalia ugumu. Mishahara inayotoka na inayoingia lazima ikaribiane. Kwa hiyo ukimtaka mtu wa mshahara wa Giannis huwezi kuwapa Milwaukee vijana wawili wazuri wa mshahara mdogo ukamaliza. Unatafuta mishahara ya kujazia. Na timu ambayo matumizi yake yamevuka kiwango cha juu kabisa hairuhusiwi hata kujumlisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja. Kuna na sheria ya kwamba huwezi kutoa haki zako za raundi ya kwanza miaka miwili ijayo mfululizo. Imepewa jina la Ted Stepien, aliyekuwa anamiliki Cleveland miaka ya 1980 na akazigawa mpaka ligi ikaingilia.

Hizo tetesi zote mnazosoma zipitisheni kwanza kwenye mlango huo. Nyingi zitakwama hapo.

Unyanyembe23

Salaam kutoka Tabora. Kocha shikamoo.

Dada Katubuka umeandika vizuri lakini umemruka mtu. Michael Jordan. Fainali sita, ubingwa sita, mchezaji bora wa fainali mara sita. Wala hakuomba kuondoka Chicago. Detroit walimpiga 1988, wakampiga 1989, wakampiga 1990, kila mwaka wanamwangusha chini. Hakusema nipelekeni kwingine. 1991 kawafunga hao hao 4–0 akaenda kuchukua ubingwa.

Ndiyo kipimo changu. Mkubwa anavunja ukuta uliopo mbele yake, hazunguki. Giannis akiondoka nitaendelea kumpenda, lakini kwenye meza ya wakubwa namshusha kiti kimoja.

BintiKatubuka

Unyanyembe23 kaka, hapo kwa Detroit umenena, na Jordan simgusi. Lakini tuangalie ule ukuta aliuvunja na nani.

Scottie Pippen hakuchaguliwa na Chicago. Mwaka 1987 Seattle ndio walimchukua wa tano, siku hiyo hiyo wakabadilishana na Chicago kwa Olden Polynice. Bill Cartwright, senta wa ubingwa tatu za mwanzo, alitoka New York 1988 kwa kumtoa Charles Oakley, na Oakley alikuwa rafiki mkubwa wa Jordan mle ndani. Dennis Rodman wa ubingwa tatu za mwisho alitoka San Antonio 1995 kwa kumtoa Will Perdue. Ukizichukua zile pete sita za ubingwa moja moja, kila moja ina biashara iliyofanywa na ofisi.

Na siyo Jordan peke yake. Bill Russell mwenye ubingwa 11 Boston walimpata 1956 kwa kuwapa St. Louis Ed Macauley na Cliff Hagan. Kobe Bryant alichukuliwa na Charlotte wa 13 mwaka 1996, Lakers wakamtoa Vlade Divac wakampata.

Maana yangu ni hii: tunamhesabia mchezaji pete kana kwamba alizifua mwenyewe, halafu yeye akitaka kuamua acheze na nani tunamwita msaliti. Klabu yenyewe ikiwauza wenzake wote tunasema ni akili ya biashara. Jordan alibaki kwa sababu Chicago walimletea watu. Kama wangemwachia Polynice, leo tungekuwa tunasema nini?

Tatu_za_Mbali

Mimi naona mnajadili nusu ya jambo. Mnamlinganisha Giannis na waliostaafu wakati mtu wa kumlinganisha naye yupo uwanjani. Nikola Jokić wa Denver!

Kachukuliwa wa 41 mwaka 2014, yaani raundi ya pili kabisa. MVP 2021, 2022, 2024. Ubingwa 2023 kwa kuifunga Miami 4–1, timu ile ile iliyomtoa Giannis raundi ya kwanza mwaka ule. Msimu wa 2024–25 wastani wake pointi 29.6, ribaundi (mipira iliyokosa akaidaka) 12.7, asisti 10.2. Kabla yake ni Oscar Robertson na Russell Westbrook tu waliowahi kumaliza msimu na wastani wa tarakimu mbili kwenye vyote vitatu, na hao ni walinzi (guards), wanaocheza mbali na ringi. Huyu ni senta, wa chini ya ringi.

Denver mwenzie Jamal Murray aliumia goti 2021, msimu mzima uliofuata hakucheza. Jokić akacheza na waliokuwepo, wala hatukusikia tetesi. Mkimweka Giannis mezani muwekeni chini ya huyo kwanza.

Kocha_Mwanga

Mdogo wangu Tatu, kwenye kushambulia nakubaliana na wewe. Jokić anaona pasi kabla mwenzie hajajua kwamba yuko wazi. Lakini kikapu kinachezwa pande mbili. Walio na MVP na tuzo ya mlinzi bora katika msimu mmoja ni watatu tu tangu ligi ianze kutoa tuzo hizo: Jordan 1988, Hakeem Olajuwon wa Houston 1994, Giannis 2020. Anatoka katikati ya uwanja akipiga hatua mbili yuko chini ya ringi, akigeuka ameshakuzuia kule kwingine. Mimi ukiniambia nianze timu kesho na watoto wa Gungu wasiojua kukaba, namchukua Giannis, kwa sababu anafunika makosa ya wenzake wanne.

Nitarudi jioni kuhusu Hakeem, maana naona mmemtaja kwenye kichwa cha habari halafu mmemwacha.

MtuWaKalemie

Jambo wandugu. Niko Kibirizi kwa kazi za mzigo, nyumbani ni ng'ambo ya ziwa.

Mnaongea ukubwa bila Dikembe Mutombo? Mwana wa Kinshasa, mlinzi bora wa ligi mara nne, bloki (mitupo aliyoizuia) 3,289, wa pili katika historia yote. Mbele yake ni Hakeem peke yake, 3,830. Wa kwanza Lagos, wa pili Kinshasa.

Na yeye alihamishwa. Februari 2001 Atlanta walimpeleka Philadelphia, miezi michache yuko fainali na Allen Iverson. Walifungwa na Lakers 4–1, lakini walifika. Kwangu picha yake haiko Philadelphia. Iko Denver, 1994, timu ya nafasi ya nane imemtoa Seattle wa kwanza. Kipenga kimelia, wenzake wanaruka, yeye amelala chali sakafuni, mpira ameushika juu kwa mikono miwili, anacheka kama mtoto. Hakuwahi kuchukua ubingwa hata mmoja. Halafu 2007 akafungua hospitali Kinshasa, akaiita kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Alipofariki Septemba 2024 huku Kibirizi tulikaa kimya, na wengine hawakuwahi hata kushika mpira wa kikapu.

Kwa hiyo mtu akinipimia ukubwa kwa pete tu, mimi sisemi naye sana.

Ujiji_Asubuhi

MtuWaKalemie, Mungu amrehemu Mutombo.

Kuhusu Hakeem niongeze moja kabla kocha hajarudi. Sisi wa Ujiji tulimpenda kwanza kwa dini yake, mpira baadaye. Mwaka 1995 Ramadhani ilianza na mwezi wa Februari. Hakeem alikuwa anafunga na siku za mechi, maji hanywi mpaka jua lizame, na Februari ile ile akatajwa mchezaji bora wa mwezi. Mwaka huu Ramadhani inaingia tena Februari, na watakaocheza kikapu jioni wakiwa wamefunga wanajua ile robo ya nne miguu inakuwaje.

Halafu huyu mtu alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Kabla ya hapo alikuwa golikipa wa soka na mcheza mpira wa mikono pale Lagos. Ile miguu yake haikufundishwa Marekani.

SimbaDamu

Kocha umeniingiza kwenye utamu sasa. Lakini niulize jambo linalotuhusu zaidi: na Hasheem Thabeet wetu je? Mbona hamumtaji? Kachukuliwa wa pili.

Unyanyembe23

Wa pili mwaka 2009, nyuma ya Blake Griffin tu. Mbele ya James Harden wa tatu na Stephen Curry wa saba. Hakuna Mtanzania mwingine aliyewahi kufika hapo, na miezi michache kabla alikuwa ameifikisha Connecticut nusu fainali ya vyuo. Tusimwache.

Kocha_Mwanga

Nimerudi. Nianze na Hasheem, kwa heshima.

Yeye ni mfano wa upande wa pili wa biashara hii, ule ambao hauandikwi kwenye tetesi. Februari 2011, msimu wake wa pili, Memphis walimpeleka Houston wakamchukua Shane Battier. Aprili ile ile Memphis, walioingia wa nane, wakamtoa San Antonio wa kwanza, na mechi ya kwanza, mtupo wa pointi tatu wa kuwaweka mbele dakika ya mwisho aliupiga Battier. Kwa Memphis biashara ilikuwa nzuri. Kwa kijana wa futi 7 na inchi 3 aliyechelewa kuanza mchezo, ilikuwa kocha mpya, mfumo mpya, lugha mpya ya uwanjani, halafu tena Portland, halafu tena Oklahoma City. Timu nne ndani ya misimu mitano. Senta mrefu ndiye anayechelewa kuiva kuliko wote, anahitaji mtu mmoja akae naye miaka mitatu amfundishe miguu. Yeye hakupata huyo mtu. Ukimweka kwenye mizani ya Giannis unamwonea, maana Giannis Milwaukee walimvumilia. Msimu wake wa kwanza alikuwa na wastani wa pointi 6.8 na timu ikashinda mechi 15 tu kati ya 82.

Hilo ni deni, na ndiyo maana binafsi naliona suala la kuondoka kwa uzito zaidi ya BintiKatubuka.

Sasa Hakeem. Mnasema njia ni tatu: kubaki, kuomba kuondoka, kuuzwa. Ipo ya nne. Hakeem *aliomba* kuondoka, akakataliwa, akabaki.

Mwaka 1992 aligombana na Houston. Aliumia msuli wa nyuma ya paja, klabu ikamshuku kwamba anatafuta mkataba mpya, yeye akaona ameitwa mwongo. Akasema niuzeni. Kipindi hicho alikuwa hajapita raundi ya kwanza tangu 1987. Ukichukua magazeti ya mwaka ule ukafuta jina lake ukaandika Giannis, yanasomeka sawasawa.

Houston hawakumuuza. Mwaka ule ule walikuwa wamebadili kocha, kazi wakampa Rudy Tomjanovich, mchezaji wao wa zamani. Wakakaa naye, 1993 wakamwongezea mkataba. Wakamzungushia wapiga tatu ili akizingirwa na wawili ampasie aliye wazi. Leo kila timu inacheza hivyo, wakati ule hawakuwa wengi. 1994 akawa MVP, mlinzi bora na mchezaji bora wa fainali, vyote msimu mmoja, jambo ambalo hakuna mwingine amelifanya mpaka leo. Fainali ile dhidi ya New York, mechi ya sita, Houston wanaongoza kwa mbili, John Starks anapiga tatu ya mwisho ya kuwanyima taji, Hakeem anatoka kwa mtu wake na kuugusa mpira kwa ncha za vidole. Mechi ya saba wakabeba.

1995 wakaingia wa sita. Februari walikuwa wamembadilisha Otis Thorpe na Portland wakamleta Clyde Drexler, aliyesoma na Hakeem Chuo Kikuu cha Houston. Wakamkuta David Robinson aliyekuwa amekabidhiwa MVP ya msimu ule. Hakeem akamtupia wastani wa pointi 35.3 mechi sita. Kisha Shaquille O'Neal na Orlando, 4–0. Hakuna timu ya nafasi ya chini kuliko hiyo iliyowahi kuwa bingwa.

Kwa hiyo swali siyo kama Giannis ana haki ya kuomba. Anayo. Swali ni kama Milwaukee watafanya walichofanya Houston.

BintiKatubuka

Kocha, hiyo ya nne ni nzito na ndiyo mfano bora kuliko wa Dirk. Lakini naomba tuangalie Houston ya 1992 ilikuwa na nini mkononi na Milwaukee ya leo ina nini.

Houston walikuwa na Otis Thorpe wa kumbadilisha, wana drafti yao wenyewe, 1992 wakampata Robert Horry, 1993 wakampata Sam Cassell. Walikuwa na mbegu.

Milwaukee 2023 walimtoa Jrue Holiday wakampata Damian Lillard kutoka Portland. Juu ya Holiday wakawapa Portland haki ya drafti ya 2029 na haki ya kubadilishana nafasi 2028 na 2030. Holiday siku chache baadaye akapelekwa Boston, Juni 2024 akawa bingwa. Lillard Aprili 2025 akachanika kano ya kisigino. Julai wakavunja mkataba wake, na hela iliyobaki wakaigawa miaka mitano, takriban dola milioni 22.5 kila msimu, kwa mtu ambaye hachezi kwao. Hela hiyo inahesabiwa kwenye bajeti yao mpaka 2030.

Ni sawa na mkulima aliyekwisha kuuza mahindi yangali shambani, tena ya misimu mitano. Hata akitaka kumlisha Giannis, atamlisha nini? Nia ya Houston wanaweza kuwa nayo. Uwezo wa Houston hawana. Na mkataba wa Giannis unamruhusu kuondoka bure 2027. Wakisubiri kwa ajili ya heshima watabaki hata bila wale wachezaji wanne wa Kareem.

Unyanyembe23

Hapo kwenye hesabu za Milwaukee sina la kupinga. Lakini bado ubingwa wa 2021 una uzito kwa sababu alichukua akiwa na jezi aliyoanza nayo. Akienda New York akachukua wa pili, mimi nitauhesabu nusu. Nauhesabu nusu hata ule wa Durant na Golden State.

Tatu_za_Mbali

Durant alikwenda timu iliyoshinda mechi 73, tena iliyomfunga yeye mwenyewe kutoka nyuma 3–1. Huo ni mfano mwingine kabisa kaka. Na wa Kawhi Leonard je? San Antonio walimpeleka Toronto 2018 kwa DeMar DeRozan, hata hakuichagua Toronto, mwaka mmoja tu 2019 akawapa ubingwa wao wa kwanza na wa pekee. Naye utampa nusu?

Unyanyembe23

Kawhi nampa wote. Toronto hawakuwahi hata kufika fainali kabla yake.

Ujiji_Asubuhi

Basi kipimo chako ni alikokwenda alikuta nini. Hicho nakikubali kuliko kile cha kubaki au kuondoka.

Kocha, mdogo wangu wa kike anacheza senta shuleni, mrefu lakini kila akipokea mpira chini ya ringi anazuiwa. Nimemwonyesha video za Hakeem anasema ni haraka mno hazielewi. Mwelekeze hapa kwa maneno.

Kocha_Mwanga

Mwambie asiangalie mpira, aangalie miguu ya yule anayemkaba.

Akipokea mpira mgongo ukiwa ringini, mguu wa upande wa mstari wa mwisho ndio unaobaki chini, huo hauinuki. Kwanza bega. Alipeleke bega na kichwa upande wa katikati ya uwanja kana kwamba anakwenda huko, mpira uwe kifuani. Hapo asubiri. Mkabaji akihamisha uzito kufuata bega, kisigino chake cha upande wa pili kinanyanyuka. Hiyo ndiyo ruhusa. Ageuke upande wa mstari kwa ule mguu uliobaki chini, ainue mpira mpaka usawa wa paji la uso, macho kwenye ringi. Mkabaji aliyechelewa ataruka. Akiisha ruka, mpira unashushwa, mguu ulio huru unapiga hatua moja kuingia ndani chini ya mkono wake, na anamaliza kwa laini akitumia ubao. Kosa la watoto wetu ni kuharakisha ile ya kwanza. Bega likienda bila kusubiri halimdanganyi mtu.

Aifanye polepole kabisa, bila mkabaji, mara nyingi, pande zote mbili. Akipenda aje Jumamosi saa 10 jioni uwanjani Mwanga, mabinti wapo.

BintiKatubuka

Kwa mlinganisho wangu mwenyewe: Kareem juu, Hakeem anafuata, Giannis wa tatu, Dirk wa nne. Hakeem namweka juu ya Giannis siyo kwa kubaki Houston bali kwa sababu kwenye mtoano alizidi kuwa mkubwa kila raundi miaka miwili mfululizo, mbele ya Patrick Ewing wa New York, Robinson na Shaq, masenta wakubwa wote wa wakati wake. Giannis ana mwaka mmoja wa namna hiyo. Jokić bado anaandika, namwacha wazi.

Na kile kipimo cha Ujiji_Asubuhi ndicho nitakachokitumia 5 Februari. Sitaangalia jina la klabu. Nitaangalia wanaobaki. Carmelo Anthony alipokwenda New York Februari 2011, New York walitoa Gallinari, Chandler, Felton na Mozgov kwa mpigo, na kwa miaka yake yote pale walishinda raundi moja tu ya mtoano, 2013. Kevin Garnett alipokwenda Boston 2007 walitoa watu wengi zaidi ya hao, lakini Paul Pierce alibaki na Ray Allen alikuwa ameshaletwa, na Juni 2008 wakawa mabingwa. Kwa hiyo yeyote atakayemchukua Giannis, msiniletee orodha ya waliotoka. Niandikieni hapa watano watakaoanza naye mechi ya kwanza.